Utafiti wa Kabatini

Masikio ya Raya yalikuwa yanaziba, na sindano za kifua kikuu zilizokuwa zikiyaziba bado alikuwa anachomwa.

"Daktari, sindano hizi zilifanyiwa utafiti mtaani kwetu," mama yake, Bi Somoe, alisema. "Zilituharibu wengi."

Daktari alitafuta tena kwenye kompyuta. "Hakuna kitu, mama. Utafiti gani huo usioonekana popote?"

"Uliandikwa. Wenye dawa hawakupenda majibu, wakaufungia kabatini."

"Kwa hiyo nifuate maneno ya mtaani?"

Bi Somoe alimgeuzia sikio la kulia. "Rudia, baba. Hili la kushoto walilimaliza wao."

Daktari alikitazama kioo cha kompyuta, kisha akamwandikia Raya sindano zilezile tena.

Wiki iliyofuata Bi Somoe alimwita mwanawe uani kwa sauti kubwa. Raya aliendelea kufua, amempa mgongo. Nyumba ile ya watu wawili ilibaki na sikio moja.