Supu ya Jirani Asiyelia Dhiki

Mirlande alichomwa na wivu kwa kitu kimoja: jirani yake halii dhiki. Mji mzima wa Jakmel ukiwauliza hali watakwambia dhiki, hata Mirlande mwenyewe, na nyama anayo. Huyu anacheka tu. Ana nini huyu?

Basi asubuhi ya mwaka mpya, majirani wakigawiana supu ya boga kama ilivyo desturi, akaenda kwake kupeleleza na bakuli tupu.

“Vipi hali, shoga?” jirani akamuuliza.

“Dhiki, shoga yangu. Mwaka huu hata boga sikupata.”

“Maskini. Ngoja nilete upawa.”

Jirani alipotoka tu, Mirlande akafunua sufuria. Maji ya chumvi, na maganda ya boga yakielea. Moja lina doa jeusi. Analijua lile doa; ganda hilo alilimenya mwenyewe jana, akalitupa jalalani.

Jirani akarudi, akalijaza bakuli mpaka ukingoni. Sufuriani kikabaki kidogo cha watoto wake.

“Kunywa kwanza wewe, shoga, dhiki imekubana. Sisi tutajijua.”

Mvuke ukampiga Mirlande usoni. Akalishika bakuli kwa mikono miwili, na wivu, badala ya kuisha, ukamzidi palepale.