Neno Moja la Daktari Pruitt

Faili la mzee Clovis Hatmaker lilirudi kutoka bima mara ya tatu Jumatano asubuhi, na sababu ilikuwa ileile: udhaifu si ugonjwa.

Lavonne alisukuma kando bakuli lake la maharage. Kazi yake katika shirika la wauguzi wa majumbani ilikuwa kugeuza maneno ya daktari kuwa namba za magonjwa. Namba ikikaa sawa, bima ya wazee inalipa na muuguzi anaendelea kupanda kilimani kwa mgonjwa. Isipokaa, haendi mtu. Clovis alipewa mpaka Ijumaa.

Muuguzi alikwisha kusema wazi: mguu wa mzee una kidonda cha kisukari, umeanza kunuka, na usiposafishwa kila siku utakatwa. Lakini neno la muuguzi halizai namba. Sheria inataka neno la daktari, naye Daktari Pruitt, katika karatasi zote tatu, aliandika udhaifu, basi.

Lavonne akapiga simu zahanati kwa daktari. Alipokea Bi Earlene, mke wa daktari, aliyekuwa karani wake pia.

"Wewe tena, Lavonne? Huna kazi nyingine?"

"Bibi, nataka neno moja tu. Aandike kisukari."

"Daktari ameandika alichokiona."

"Basi nipe niseme naye mwenyewe."

"Ana wagonjwa. Nitamkumbusha."

"Ulisema hivyo Jumatatu."

"Na ulipotoka tumboni mwa mama yako, ulidakwa na mikono ya nani? Leo unataka kumfundisha kazi!"

Simu ikakatwa.

Hapo ndipo watu wote wa bonde lile walipofungwa midomo. Daktari Pruitt alikuwa amewadaka nusu yao walipozaliwa, mara nyingi kwa malipo ya kuku au gunia la viazi. Nani angethubutu kumwambia kwamba amekuwa mzembe?

"Niandike mwenyewe?" Lavonne alimwuliza mkuu wake. "Ukweli tunaujua."

"Andika, dada. Nitakuletea maharage jela." Kisha akaacha kucheka. "Hatuwezi, Lavonne. Asiposema yeye, hatujui kitu."

Alhamisi Lavonne aliwasha gari akaenda zahanati mwenyewe.

Mezani pa karani hapakuwa na mtu. Bi Earlene alikuwa ametoka kwenda posta. Daktari alikuwa peke yake katika chumba cha kusubiria wagonjwa, kwenye benchi la dirishani, koti jeupe limepigwa pasi, tai imenyooka. Alipomwona mwanamke akiingia, alisimama kwa adabu yake ya siku zote.

Lavonne hakungoja salamu. Alimwaga yote: mguu, harufu, faili lililorudi mara tatu, Ijumaa ambayo ilikuwa kesho. Daktari alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama alivyosifiwa miaka hamsini, bila kumharakisha.

"Maskini," alisema. "Kisukari hicho. Mguu wa namna hiyo si wa kuchezewa."

Lavonne alimshukuru. Akamwekea karatasi mkononi, na kalamu juu yake.

Daktari Pruitt aliitazama kalamu kwa muda, akamrudishia taratibu, kisha akasogea kumpa nafasi kwenye benchi.

"Keti, mwanangu, umweleze daktari. Hata mimi namsubiri tangu asubuhi."