Kura ya Nyati Anayechechemea

Wanyama walipoanza kusoma, Tembo alitangaza tuzo kwa msomi chipukizi atakayechunguza vizuri namna wenzake wanavyoamua mambo kwa kura. Mshindi angesoma kwake mwaka mzima bila ada.

Digidigi mwepesi na Nungunungu mvumilivu walikwenda kulichunguza kundi la Nyati. Huko kila mmoja husimama akaelekea anakotaka kwenda, na upande wenye wengi ndio hushinda. Digidigi alileta kazi yake asubuhi ya siku ya mwisho. Nungunungu alifika jioni, Tembo akifunga mlango.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Muda umepita."

Machozi yakamlengalenga Nungunungu. "Nilikuwa namsubiri Nyati mmoja anayechechemea. Hukawia kusimama."

Digidigi, aliyekuwa bado hapo akingoja matokeo, akacheka. "Dada wewe! Thelathini walikwisha kuelekea mtoni. Huyo mmoja angebadilisha nini?"

"Alielekea mlimani. Wenzake wakamuuliza sababu, akasema ukingo wa mto ni mkali, mguu wake hauuwezi. Basi wakaenda mtoni vilevile, lakini wakazunguka kwa njia ya tambarare."

 Digidigi alikuwa ameandika kwamba kundi lote lilishukia ukingoni.

"Babu," akasema polepole, "naomba karatasi zangu. Niliondoka kabla uchaguzi haujaisha."

Tembo akamrudishia. "Kaimalizie kazi yako, mjukuu wangu, uilete mwakani. Nawe Nungunungu, ingia nikuonyeshe dawati lako."