Senti Moja ya Chenji

Dale Hostetter alibaki amekinga kiganja mbele ya kaunta, na hakuna kilichotua juu yake.

"Dola mbili kwa dola mbili, tumemalizana," alisema Bernadine, keshia, akimsogezea kopo la chakula cha paka.

Dale hafugi paka. Ila tangu afiwe na mkewe, kila asubuhi alinunua kopo la dola moja na senti tisini na tisa, akatoa dola mbili taslimu. Kwa kuwa jimbo lao la Montana halina kodi ya mauzo, Bernadine humrudishia senti moja, akiibonyeza polepole katikati ya kiganja kwa vidole vyake vya moto. Dale huitupia kwenye kikombe cha visenti kilichowekwa mlangoni na kwenda zake, raha tele kutwa nzima. Kusema neno lolote hajawahi kuthubutu.

Ndipo alipoinua macho kwenye rafu. Bei zote zilikuwa kamili: dola mbili, dola tano, dola kumi.

"Wizi mtupu!" Bi Ardith, mteja aliyefuata kwenye foleni, alifoka nyuma yake. "Jana sabuni ilikuwa dola nne na ushee, leo tano! Mnatuchuna mchana kweupe!"

Dale alimfuata mwenye duka, Curtis, kule kwenye mafriji.

"Rudisha tisini na tisa, Curtis. Nakuomba."

"Mzee, yote haya kwa senti moja? Ubahili gani huo?"

"Wateja watakukimbia."

"Wameshaanza! Unadhani nilitaka? Ni Bernadine huyo. Wiki nzima kanikalia kichwani, eti amechoka na visenti. Hasa hicho chako."

Dale aligeuka aondoke. Kumbe alikuwa kero tu! Uso ukamwaka kwa aibu. Alirudi kuchukua kopo lake, akiapa moyoni kwamba kuanzia kesho atanunua mji wa jirani.

"Samahani, Bernadine," alisema akitazama chini. "Sikujua kama nakusumbua."

"Umenisumbua mno."

Bernadine alivua aproni, akaizunguka kaunta, akasimama mbele yake na kumnyooshea mkono mtupu.

"Miaka yote hii unashika senti, mwanamume wewe! Haya, leo haipo. Shika."