Jembe Pande Mbili

Mfalme Simba alipong'olewa, wanyama waliunda jamhuri na kutoa sarafu mpya: jembe upande mmoja, ngao upande wa pili. Lakini katika kurusha sarafu, upande wa ngao waliendelea kuuita "kichwa", kana kwamba uso wa Simba ulikuwa bado upo.

Panya Buku, mkusanyaji wa sarafu hizo, alibisha hodi kwa Mzee Kobe, aliyefiwa na mkewe.

"Mzee wangu, nimebakiza moja tu, ile adimu, kukamilisha mkusanyo wangu. Niuzie hiyo ya dirishani."

"Ya marehemu hiyo. Kila asubuhi aliirusha tuone nani ateke maji. Maskini, hakuwa na bahati! Akisema kichwa, inaangukia jembe. Anacheka, anabeba ndoo. Nami kwa miguu hii, nashukuru kimoyomoyo."

"Wewe hukuirusha?"

"Hata kuishika alinikataza, eti nitaitia nuksi. Haya, ichukue bure. Najua utaitunza."

Buku aliigeuza, akaigeuza tena, akaruka kwa furaha. "Ndiyo yenyewe! Ile waliyoikosea kiwandani! Ina jembe pande zote mbili, Mzee. Kichwa hakimo kabisa!"

Kobe alimsogelea. Kisha akanyoosha mkono.

"Nirudishie, mwanangu."

"Lakini si umenipa?"

"Nilikupa sarafu ya mwanamke asiye na bahati. Kumbe sikumwoa huyo."

Buku aliitazama kidogo, halafu akaiweka taratibu kiganjani mwa Kobe.