Minyoo ya Korongo

Tangu wanyama adimu wagawiwe majumbani, Mama alikuwa akilea korongo wa taji barazani, na bintiye Nyamizi, msomi wa minyoo, alipima kinyesi cha ndege huyo kila asubuhi. Leo alitoka mbio na hadubini yake.

"Mama, hebu chungulia. Mnyoo mzuri kama uzi wa hariri, na hayupo pengine popote duniani. Nimeshamwandikisha, analindwa na sheria."

Mama akachungulia. "Mzuri kweli," akasema, huku akimpapasa korongo aliyekonda, kichwa kimelala mapajani pake. "Sasa nimpe dawa huyu?"

"Dawa itamuua mnyoo, Mama. Ni kosa."

"Na korongo je?"

"Korongo wamebaki arobaini nzima," Nyamizi alijibu upesi, halafu akashangaa mbona Mama kamkumbatia korongo.