Sikio la Kushoto

"Futa hilo sikio," msimamizi alisema. "Nimeshakwambia, kaka."

Mchoraji hakufuta. Kwenye kioo cha kompyuta alisimama msichana wa katuni mpya: pengo la jino, vishimo mashavuni, alama nyeusi chini ya jicho, na sikio la kushoto lililomeguka ukingoni. Wachoraji wenzake, waliotakiwa kumfanya atembee na kuzungumza, walikuwa wamemchoka. Kila alama huchorwa upya kwenye kila picha, na kipindi kimoja kina picha maelfu. Walinung'unika kwamba mikono itawakatika kwa ajili ya mtoto wa kubuni.

Msimamizi alivuta kiti. Alimweleza tena, kwa upole, kwamba uso wa katuni hautaki mambo mengi. Nukta mbili za macho, mstari wa mdomo, basi. Kila mtoto ajione humo. Ukizidisha, unakuwa uso wa mtoto mmoja tu.

"Najua," mchoraji alisema.

Ofisi nzima ilijua huo ni uso wa binti yake aliyepotea akiwa mdogo, na kwamba nyumbani mkewe mpaka leo hataki mlango ufungwe komeo. Walimhurumia sana, lakini kazi ilikuwa imechelewa.

"Kumchora hakumrudishi, ndugu yangu," msimamizi alisema. " Chagua kitu kimoja kibaki. Ama sivyo nitampa mwingine hii kazi."

Mchoraji alifuta pengo, akisema jino huota. Alifuta vishimo, akisema mashavu ya mtoto hupungua akikua.

"Hii ni katuni, bwana," msimamizi alicheka kidogo. "Huyu hakui."

Ile alama nayo akaifuta, akisema alama huweza kufifia. Sikio likabaki.

Katuni ilipoanza kuonyeshwa, watoto waliipenda kweli. Mchoraji hakuonja furaha hiyo. Simu ya mapokezi ikilia tu, anainua kichwa kusikiliza.

Asubuhi moja dada wa mapokezi alimwita kwenye simu, akamnong'oneza kuwa ni mama mmoja, na amekuja juu.

"Mnamdhihaki mwanangu," mama alifoka. "Sikio lake mmelichora vilevile lilivyo. Shuleni wanamcheka. Nani kawapa ruhusa?"

Mchoraji alivuta kalamu na karatasi.

"Tusamehe, mama," alisema polepole. "Mnaishi wapi? Nije na mke wangu, tumwombe radhi mtoto mwenyewe."